Msaidizi ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Leseni ya Fiziotherapia

Hivi karibuni ililetwa katika meza yetu ya istilahi tafsiri ya kijitabu kinachowaeleza wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani namna ya kupata leseni ya kufanya kazi chini ya wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa kukanda na kwa vifaa. Waliokusudiwa ni watu waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko katika eneo letu, ambao baadhi yao wamekwisha kuajiriwa katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee huko. Nia ya mfasiri ni njema na sarufi yake haina kasoro kubwa. Hata hivyo kijitabu hicho chaweza kumpotezea msomaji fedha na miaka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha upotofu huo si umaskini wa Kiswahili. Chanzo ni kwamba mfasiri hakujiuliza kila istilahi inatenganisha nini na nini.

1. Jina moja kwa watu wawili

Katika utaratibu wa Marekani, wanaomshughulikia mgonjwa wa fiziotherapia wako wa ngazi tatu. Juu yuko mfiziotherapia mwenyewe, ambaye humpima mgonjwa, huamua tatizo lake na kupanga tiba. Wa pili ni mtu aliyesoma chuoni kwa muda wa miaka miwili hivi, akafaulu mtihani na kupewa leseni. Huyu hutekeleza mpango uliokwisha kuwekwa: humfundisha mgonjwa kutembea upya, humnyosha viungo, huandika maendeleo yake, lakini hana mamlaka ya kufanya upimaji wa kwanza wala ya kuweka mpango wa tiba. Ngazi hii ilianzishwa mwaka 1967, mwaka uleule Baraza letu lilipoundwa kwa sheria, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 1969. Wa tatu ni yule anayefunzwa kazi akiwa kazini: hutayarisha vitanda na vifaa, huwasukuma wagonjwa kwa viti vya magurudumu. Kwa kawaida huyu hadaiwi leseni.

Mfasiri wetu amewaita wa pili na wa tatu kwa jina moja la "msaidizi". Matokeo yake ni kwamba ukurasa mmoja unasema msaidizi aweza kuanza kazi bila masomo ya chuo, na ukurasa mwingine unasema msaidizi asiye na leseni anavunja sheria. Msomaji afuate upi? Yule anayesukuma viti vya magurudumu leo atadhani kwamba miaka yake ya kazi inamsogeza kwenye leseni, kumbe kwa kawaida haimsogezi. Tofauti hii ina thamani ya fedha pia. Tangu tarehe 1 Januari 2022 Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ya huko ambayo hasa ni ya wazee, hupunguza malipo ya tiba ya wagonjwa wa nje iliyotolewa na mtu wa ngazi ya pili hadi asilimia 85 ya malipo ya kawaida. Kazi ya mtu wa ngazi ya tatu hailipiwi kama tiba hata kidogo.

Je, Kiswahili hakina njia ya kuwatenganisha? Kinayo. Kila mwalimu ajua kwamba "mwalimu msaidizi" na "msaidizi wa mwalimu" si mtu mmoja. Wa kwanza ni mwalimu mwenye cheo fulani. Wa pili huenda ni mtu wa kufuta ubao tu. Kwa kufuata kielelezo hiki, wenzetu wengine wamependekeza mtu wa ngazi ya pili aitwe "mfiziotherapia msaidizi". Pendekezo hilo linavutia, lakini hatuliafiki. Katibu msaidizi ni katibu, na mwalimu msaidizi ni mwalimu. Bali mtu huyu si mfiziotherapia, na sheria za majimbo humkataza kujiita hivyo. Istilahi isimvike mtu cheo ambacho sheria imemvua.

Sisi twapendekeza "msaidizi wa fiziotherapia" kwa ngazi ya pili, yaani msaidizi katika taaluma hiyo, wala si wa mtu. Kwa ngazi ya tatu linafaa neno ambalo hospitali zetu zimelizoea siku nyingi, nalo ni "mhudumu". Mhudumu wa fiziotherapia hatadhaniwa kuwa na leseni, wala msaidizi hatadhaniwa kuwa mhudumu. Sharti ni moja: neno "msaidizi" lisitumiwe kamwe kwa mhudumu, hata pale ambapo sentensi ingependeza zaidi.

2. Cheti, ithibati na leseni

Kijitabu kinasema: "Baada ya kupata cheti utaruhusiwa kufanya kazi." Cheti kipi? Katika Kiswahili kuna cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha shule na hata cheti cha dawa. Neno hili limebeba mizigo mingi mno kuweza kuaminiwa peke yake mahali penye sheria. Kwa kweli mambo yanayohusika hapa ni manne, na kila moja hutolewa na mkono tofauti.

Kwanza, chuo chenyewe hupewa ithibati na tume ya kitaifa ijulikanayo kwa ufupisho wa CAPTE. Pili, chuo humpa mwanafunzi stashahada akihitimu masomo, ambayo ndani yake mna wiki kadhaa za mazoezi ya kazi kwa wagonjwa. Tatu, mhitimu hufanya mtihani wa taifa unaosimamiwa na shirikisho la bodi za majimbo. Nne, bodi ya jimbo humpa leseni baada ya kuridhika na hayo yote, na mara nyingi baada ya kuchunguza kama aliwahi kutiwa hatiani. Baadhi ya majimbo huongeza mtihani wa sheria zao. Leseni hiyo haidumu milele, bali huhuishwa kila baada ya muda uliowekwa.

Anayeyaita yote haya "cheti" anamfungulia mlango mwenye chuo kisicho na ithibati. Huyo naye hutoa cheti, tena chenye mhuri na nakshi; lakini mwenye cheti hicho hataruhusiwa hata kuukalia mtihani.

Kwa haki ya mfasiri, yafaa tukiri kwamba kosa hili lina sababu. Baadhi ya majimbo hayaiiti ruhusa hiyo leseni, bali huiita kwa neno ambalo kamusi hulitafsiri kuwa cheti. Ushauri wetu ni kwamba mfasiri atafsiri mamlaka yaliyomo, kisha alitaje jina la mahali. Aandike, mathalani, "leseni, ambayo katika jimbo hili huitwa cheti". "Kibali" na "idhini" hatuvipendekezi, kwa kuwa mazoea yetu ni kuvitumia kwa jambo la mara moja, kama kibali cha kusafirisha mazao.

Kuhusu mtihani, kijitabu kinasema mtahiniwa "ahitimu kwa alama 600 kati ya 800". Hapa pana makosa mawili. Mtu huhitimu masomo, lakini mtihani hufaulu. La pili ni zito zaidi. Kipimo cha mtihani huo huanzia 200 na kuishia 800, na alama hurekebishwa kulingana na ugumu wa maswali. Msomaji akiambiwa "600 kati ya 800" atapiga hesabu na kupata asilimia 75, naye atajitayarisha kwa hesabu isiyokuwapo. Ingetosha kuandika: "alama ya kufaulu ni 600 katika kipimo cha kuanzia 200 hadi 800, alama hii si asilimia." Mtu haruhusiwi kuufanya mtihani huo zaidi ya mara tatu katika miezi 12, wala zaidi ya mara sita maishani. Kwa hiyo hilo si jambo la kukosea.

3. Usimamizi wa "moja kwa moja"

Sheria hutofautisha usimamizi ambao mfiziotherapia yuko katika jengo lilelile, tayari kuitwa, na ule ambao yuko mbali lakini apatikana kwa simu. Mfasiri ameuita ule wa kwanza "usimamizi wa moja kwa moja". Kwetu "moja kwa moja" ni jambo lisilokatika, au njia isiyopinda. Msomaji ataelewa kwamba msaidizi hutazamwa bila kupepesa macho, jambo ambalo sheria haikusema. Baadaye kijitabu kinaeleza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Medicare "imeondoa usimamizi wa moja kwa moja" kwa msaidizi aliyeko katika kliniki ya mfiziotherapia binafsi. Basi msomaji huyohuyo atadhani kwamba usimamizi umekwisha! Kilichoondolewa ni sharti la kuwapo jengoni tu. Usimamizi wenyewe ungali palepale.

Twapendekeza "usimamizi wa papo hapo" kwa ule wa kwanza na "usimamizi wa mbali" kwa ule wa pili. Kwa ule wa kuwa chumbani pamoja na mtendaji muda wote, ambao chama cha wafiziotherapia wa huko huudai kwa mhudumu, twapendekeza "usimamizi wa ubavuni".

Hitimisho

Istilahi tulizozipendekeza si ngeni. Msaidizi, mhudumu, ithibati, stashahada, leseni, papo hapo, ubavuni: yote ni maneno yaliyo vinywani mwa watu au katika ofisi zetu. Kilichokosekana ni kuyagawia kazi, na kila moja kukaa mahali pake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na mfasiri anapojikwaa ulimi, anayeanguka ni mtu mwingine, aliye mbali, asiye na nakala ya asili ya kulinganishia.

Twawaomba wafasiri, walimu na maofisa, hasa walio katika hospitali na vyuo vya tiba, watuletee maoni juu ya mapendekezo haya kabla hayajapelekwa kusanifiwa. Atakayeona kwamba "mhudumu" linamdhalilisha mtu, au kwamba "ubavuni" halifai katika maandishi ya sheria, na atuandikie neno lililo bora, pamoja na sababu zake.