Kijiti cha Fritz Reiner

Zipo filamu za televisheni za okestra ya Chicago zinazomwonyesha kiongozi wa muziki Fritz Reiner kazini. Anayezitazama kwa mara ya kwanza hudhani mzee huyu hafanyi kitu. Uso umekunjika, kiwiliwili kimetulia, na ncha ya kijiti chake kirefu inasogea inchi chache tu. Wanamuziki husimulia kwamba mpiga besi mmoja, aliyekaa nyuma kabisa, alikuja mazoezini na darubini ili alione pigo. Huenda kisa kimetiwa chumvi, ila udogo wa pigo lile haukuwa na utani.

Udogo huo ulikuwa na sababu. Mkono unaopaa juu una safari ndefu ya kushuka, na njiani kila mpigaji hukisia litakapoangukia pigo. Wakikisia watu mia, sauti hutawanyika tangu mwanzo. Ncha inayosogea kidogo humlazimisha kila mmoja kutazama. Tena humwekea kiongozi akiba: aliyezoea kupiga kidogo, akinyanyua kiwiko mara moja, okestra nzima hulipuka. Kazi nyingine Reiner aliiachia macho yake, yaliyomwita kila mpigaji zamu yake ilipofika.

Alizaliwa Budapest mwaka 1888, akasoma huko kwenye chuo alichofundisha mtunzi Béla Bartók, akaongoza opera Dresden, kisha mwaka 1922 akahamia Marekani. Alianzia Cincinnati, akapitia Pittsburgh na Opera ya Metropolitan, akafika Chicago mwaka 1953.

Bartók naye alihamia New York wakati wa vita, na kufikia 1943 alikuwa mgonjwa na mkono mtupu. Reiner na mpiga fidla Joseph Szigeti, Wahungari wenzake, walimsihi Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, amwagize atunge kazi mpya. Ndivyo ilivyozaliwa Konseto ya Okestra, ambayo Reiner aliirekodi Chicago mwaka 1955. Sikiliza sehemu ya pili: ngoma ndogo inatangulia, kisha ala zinaingia mbilimbili, basuni, obo, klarineti, filimbi, na mwisho tarumbeta zilizozibwa midomo. Kila jozi inaingia bila haraka wala kusitasita. Kwenye sehemu ya mwisho fidla zinakimbia kwa kasi ya kutisha, lakini hakuna noti inayomezwa.

Wapigaji walimwogopa Reiner, maana mazoezini ulimi wake ulikuwa mkali. Huko kwenye chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, alikoanza kufundisha mwaka 1931, alitaka mwanafunzi ajue kila ala inapiga nini kabla hajainua kijiti. Mmoja wao, Leonard Bernstein, baadaye alisifika kwa kurukaruka jukwaani, kinyume kabisa na mwalimu wake. Hata hivyo hakuliacha somo lenyewe. Reiner hakufundisha kupunga mkono kidogo. Alifundisha kuimaliza kazi mezani, noti kwa noti, hadi kikabaki kidogo tu cha kuonyeshwa jukwaani.