Kilemba Kisicho cha Ukoka

Wasifu wa mwanasiasa katika kamusi elezo ya mtandaoni hufunguliwa na sentensi moja yenye mzigo mkubwa. Ndani yake mna jina, tarehe za kuzaliwa na kufa, nchi, na sababu ya mtu huyo kukumbukwa. Tuseme makala ya mwanasiasa mmoja wa Kanada inaanza hivi: "Tommy Douglas (20 Oktoba 1904 – 24 Februari 1986) alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada aliyeanzisha bima ya afya." Sentensi hiyo inasomeka vizuri na tarehe zake ni sahihi. Hata hivyo, kuna kosa moja katika cheo na jingine katika tendo. Kuyaondoa yote mawili bila kumpunja marehemu, wala kumpa kisichokuwa chake, ndiyo kazi ya mhariri.

Kosa la cheo limezaliwa na lugha. Kanada ni shirikisho lenye majimbo 10 na maeneo 3. Waziri Mkuu wa taifa yuko Ottawa, na kila jimbo nalo lina bunge lake na mkuu wa serikali yake. Kiingereza cha Kanada kina majina mawili kwa vyeo hivyo. Kiswahili huviita vyote "waziri mkuu". Douglas aliongoza serikali ya Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961, na ya Ottawa hakuiongoza hata siku moja. Kwa hiyo "Waziri Mkuu wa Kanada" huwa "waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan", na neno "jimbo" halipaswi kuachwa.

Neno hilo nalo lina mtego wake. Kwa Mtanzania, jimbo ni mahali panapomchagua mbunge. Akisoma kwamba Douglas alikuwa "mbunge wa jimbo la Weyburn", kisha kwamba "aliongoza jimbo la Saskatchewan", atadhani ametajiwa vitu viwili vya aina moja. Wakenya wana "eneobunge", na mhariri mwenye busara huazima neno hilo kwa Weyburn, "jimbo" likabaki kwa Saskatchewan peke yake. Hata hapo bado: Weyburn ilimpeleka Douglas katika Bunge la Ottawa kutoka 1935 hadi 1944, kisha ikampeleka katika bunge la jimbo mjini Regina. "Mbunge wa Weyburn" bila kutaja bunge gani ni nusu ya habari.

Wakati mwingine lugha huficha jambo kwa ukimya. Kiambishi "a-" hakisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kwa Douglas hilo halina madhara. Kwa Agnes Macphail, aliyechaguliwa mwaka 1921 kuwa mwanamke wa kwanza katika Bunge la Kanada, wasifu uliosahau neno "mwanamke" umesahau sababu ya kuandikwa kwake.

Kosa la tendo ni zito zaidi, kwa kuwa liko karibu sana na ukweli. Tarehe 1 Januari 1947, serikali ya Douglas ilianzisha mpango wa kuwalipia wakazi wa Saskatchewan gharama za kulazwa hospitalini. Gharama za kuonana na daktari hazikuwamo. Hizo zilisubiri sheria iliyopitishwa Novemba 1961, na wakati huo Douglas alikuwa amekwisha kujiuzulu ili akiongoze chama kipya cha NDP katika siasa za taifa. Aliyerithi kiti chake, Woodrow Lloyd, ndiye aliyeipitisha. Sheria ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi wa jimbo waligoma kwa siku 23, na dhoruba hiyo ilimpiga Lloyd. Mwaka 1966, Bunge la Ottawa chini ya Lester Pearson lilipitisha sheria ya kitaifa, na majimbo yote yakawa yamejiunga mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nani basi aliyeanzisha bima ya afya? Jibu la mhariri limo katika vitenzi. Kuahidi, kutunga, kupitisha, kutekeleza na kueneza ni matendo tofauti, na kila moja lina mwenyewe. Douglas aliahidi na kuandaa, Lloyd akapitisha na kutekeleza, serikali ya Pearson ikaeneza. Kitenzi "alianzisha" kimeyameza matendo hayo yote na kuyapachika kwa mtu mmoja. Neno "bima ya afya" nalo limeificha miaka 15 iliyopita kati ya kitanda cha hospitali na chumba cha daktari.

Usahihi huo haumnyimi Douglas sifa. Wakanada wengi humwita baba wa bima ya afya, na mwaka 2004 watazamaji wa shirika la utangazaji la CBC walimchagua kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Mambo hayo mawili huandikwa, pamoja na kutaja nani alisema na lini. Vivumishi kama "shujaa mpendwa" na "kiongozi asiye na mfano" ndivyo hufutwa. Hivyo ni kilemba cha ukoka: kinavishwa kwa urahisi na kunyauka upesi. Kura ya mwaka 2004 inabaki kura, hata kwa msomaji asiyempenda Douglas.

Mizani hiyohiyo hupima aibu. Mwaka 1933, Douglas alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha McMaster kwa tasnifu iliyopendekeza, pamoja na mengine, kwamba watu aliowaona kuwa na upungufu wa akili wafungwe kizazi. Baadaye aliyaacha mawazo hayo, na alipokuwa madarakani hakuyatekeleza. Shabiki wake angetamani habari hiyo isiandikwe. Mpinzani wake angeipandisha hadi aya ya kwanza. Mhariri huiweka mahali pake katika mfuatano wa miaka, pamoja na yaliyofuata, kwa urefu unaolingana na makala. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huita makala changa "mbegu". Katika mbegu ya mistari kumi, tasnifu hiyo inastahili sentensi moja. Makala ikikomaa, inastahili aya nzima.

Kila dai huhitaji chanzo kilichochapishwa ambacho msomaji anaweza kukikagua. Mtaani husemwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika ufundi huu methali hiyo haina kazi, maana lisemwalo hungoja lithibitishwe. Ndiyo sababu jamaa wa mwanasiasa na watumishi wa chama chake hushauriwa wasiihariri makala yake, bali wapeleke hoja zao kwenye ukurasa wa majadiliano.

Kwa mwanasiasa aliye hai uangalifu huongezeka, na hata fahari njema hupimwa. Naheed Nenshi, meya wa Calgary kutoka 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohamia Kanada kutoka Tanzania. Msomaji wa Arusha angefurahi kukuta ameandikwa "mwanasiasa Mtanzania". Lakini Nenshi alizaliwa Toronto mwaka 1972, kwa hiyo Tanzania hutajwa katika sentensi ya wazazi wake, na sentensi ya kwanza humwita Mkanada.

Baada ya kazi hiyo yote, makala ya Douglas hufunguka hivi: "Tommy Douglas (20 Oktoba 1904 – 24 Februari 1986) alikuwa mwanasiasa wa Kanada, waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961, ambaye serikali yake iliandaa njia ya bima ya afya kwa wote." Sentensi ya zamani haipotei. Imehifadhiwa katika historia ya ukurasa, pamoja na saa ilipobadilishwa na jina la mtumiaji aliyeibadilisha, na yeyote anaweza kuzilinganisha mbili hizo na kuirudisha ya awali akiwa na chanzo kilicho bora zaidi.