Chumvi Gizani: Namna ya Kumpima Mtembezaji wa Usiku Mji Mkongwe

Chini ya jengo la zamani la hospitali ya misheni pale Mkunazini mna vyumba viwili vya dari ya chini, ambamo karibu kila mgeni wa Unguja huingizwa akiwa ameinama. Humo, huambiwa, watumwa walirundikwa wakingojea mnada. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na Waanglikana baada ya soko kufungwa mwaka 1873, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba vilikuwa ghala la hospitali. Usiku lango hufungwa. Mtembezaji wa usiku hubaki nje na kikundi chake, hana chumba cha kuonyesha wala mnyororo wa kushika. Ana ulimi wake tu. Hapo ndipo pa kumpimia.

Mtembezaji dhaifu huja kwa sura mbili. Wa kwanza huirudia hadithi ya vyumba kama alivyoikuta, akaongeza idadi ya waliokufa kila anapoona macho ya wageni yametoka. Wa pili amesoma kidogo, basi huwaambia kwa fahari kwamba vyumba hivyo ni uzushi, kisha huyo anakwenda zake, kana kwamba kufichua chumvi ndiyo kazi yote. Hasara anayoiacha wa pili ni kubwa zaidi, maana watu huondoka Mkunazini wakidhani hata soko lenyewe halikuwapo.

Mtembezaji wa kweli huyaweka yote mawili mezani. Huwaeleza linalosimuliwa na kwa nini lina shaka, kisha huwapa lisilo na shaka hata chembe: kwamba soko la watumwa lilikuwa pale pale, kwamba tarehe 5 Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la konseli wa Uingereza, John Kirk, kwamba siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa linaloonekana leo, kazi iliyosimamiwa na Askofu Edward Steere. Huonyesha kwa kidole mahali ilipo sanamu ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya watu waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Baada ya hapo hunyamaza. Msikilizaji anayejua ubora ataukagua ukimya huo kwa makini kuliko maneno yaliyotangulia, kwa sababu anayeogopa kunyamaza mahali kama hapo hajaamini anachokisimulia.

Hoja nzima ya mwongozo huu ni hiyo. Hadithi ya kutisha bila chumvi hailiki, na Waswahili hawajawahi kuona aibu kuikoleza. Ila mpishi lazima ajue ameitia wapi, na akiulizwa aseme. Zanzibar ina mfano wake wa siku nyingi: Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyeshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mhusika wake, Bwana Msa, anaingia penye mzimu akiwa na macho ya mpelelezi, na hofu ya msomaji haipungui kwa hilo. Inaongezeka, kwa kuwa sasa panapotisha ni moyo wa mwanadamu.

Kipimo kingine kipo katika hadithi ya damu ya msingi. Kule Dunga, kasri la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed lililojengwa kati ya 1846 na 1856, husimuliwa kwamba watumwa walichinjwa ili damu yao iimarishe kuta. Mambo Msiige, pale Shangani, ambapo leo ni hoteli, husimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai ukutani na mayai kwa maelfu yakachanganywa katika chokaa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, husimuliwa kwamba kila nguzo imekalia maiti. Majengo matatu, hadithi moja. Mwenye sikio zuri atagundua kwamba simulizi hii inahama kutoka jengo hadi jengo, tena imevuka bahari nyingi: kule Shkodër, Albania, ngome ya Rozafa husimuliwa kuwa ilikataa kusimama mpaka mke kijana wa mmoja wa ndugu watatu alipojengewa ndani ya ukuta akiwa hai.

Mtembezaji mzuri hazisimulii hizo tatu kwa pamoja. Huchagua moja, akaisimulia yote, kisha akaeleza kwamba ina ndugu zake. Aliye bora kabisa huuliza kwa nini hadithi hii ndiyo iliyong'ang'ania Unguja. Wajenzi wa majumba yale walikuwa watumwa wengi, majina yao hayakuandikwa popote, na walioanguka kwenye majukwaa au kufa kwa maradhi hawakuwekewa jiwe. Huenda watu waliwaweka ndani ya ukuta kwa maneno kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu nyingine ya kuwaweka. Na akisimama mbele ya Beit al-Ajaib, asiwasahau waliokufa juzi: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Anayezitaja maiti za kusadikika chini ya nguzo na kuwaruka hawa wawili hajafika daraja la juu, hata kama sauti yake inatetemesha.

Usiku wa Unguja una hadithi moja ambayo kila mgeni huitaka: ya jini Popobawa. Hapa wengi huchuja. Kwa kuwa simulizi zake zilihusu watu kuingiliwa wakiwa usingizini, wanaume hasa, mtembezaji mvivu huigeuza mzaha, wageni wakacheka, wakapita. Lakini mwaka 1995 hakuna aliyecheka. Hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu wakawa wanalala nje kwa makundi kandokando ya moto, wakisimuliana usiku kucha, kwa maana ilisemwa kwamba anayenyamaza juu ya yaliyomkuta hurudiwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wapo waliouhusisha uvumi huo na siasa. Mjini, kundi la watu lilimuua mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili.

Hadithi hiyo ikisimuliwa vizuri, jini hukaa pembeni na umma wenye hofu ndio unaobaki katikati. Msikilizaji asubiri aone kama mtembezaji atamtaja yule mgonjwa. Asipomtaja, amesimulia nusu, na nusu hiyo ndiyo isiyo na maana.

Vita vya tarehe 27 Agosti 1896 navyo huharibiwa kwa kicheko cha namna hiyo hiyo. Kila mtu anajua kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote: mizinga ya Waingereza ilianza muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi na haikufika saa nne kasorobo ikawa imekwisha. Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, minong'ono ya sumu ikavuma, Khalid bin Barghash akajitangaza sultani. Anayesimulia dakika tu amefanya kazi ya kitabu cha rekodi. Watu kama 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa ndani ya muda huo, huku Uingereza ikiwa na baharia mmoja majeruhi. Mtembezaji stadi huweza kuwasimamisha watu pale Forodhani, kati ya majiko ya mishikaki na mashine za kukamulia miwa, akawafanya waone kwamba wamesimama mbele ya uwanja wa mauaji. Kisha humfuata Khalid hadi mwisho: kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Dar es Salaam, kukamatwa na Waingereza mwaka 1916, uhamisho wa Saint Helena na Seychelles, na kifo cha Mombasa mwaka 1927. Adhabu ya miaka 31 kwa utawala wa siku mbili inatisha kuliko kivuli chochote dirishani.

Kuna vifo ambavyo bado havijawa hadithi, na kutovigusa ovyo ni sehemu ya ufundi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yamebaki katika kumbukumbu za watu waliokaa barazani jirani kabisa na mahali kikundi kinapopita. Rais Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972 akicheza bao, na kaburi lake liko pale pale. Mambo haya yanaelezeka, kwa tarehe na kwa heshima, lakini anayeyatilia mbwembwe za mzimu akiwa mbele ya nyumba za watu hafai kulipwa.

Maana Mji Mkongwe ni mtaa wa kuishi. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2000, ila watoto wanalala nyuma ya milango ile ya misumari ya shaba. Nyumba ya Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905 baada ya kusimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, imekuwa makazi ya familia kadhaa. Mtembezaji bora hujulikana kwa salamu zake. Akikaribia baraza hupunguza sauti, hutoa salamu, humwamkia mzee "Shikamoo," na huingoja "Marahaba" kabla ya kufungua kinywa kwa wageni. Mara nyingine mzee humdakia: "Si hivyo, mwanangu. Nyumba ilikuwa ile ya pili." Mwenye kiburi hupuuza akaendelea. Mwenye kuijua kazi humgeukia, akasema "Ahsante, babu," akawatafsiria wageni marekebisho hayo, na kuanzia usiku ule akayafuata. Hakuna alama ya ubora iliyo wazi kuliko hiyo.

Sauti, mwendo na giza navyo vina daraja. Kikundi cha watu 20 hakiwezi kusikia mnong'ono, na anayelazimika kupaza sauti uchochoroni amekwisha kuupoteza usiku. Kilicho bora ni kikundi kidogo. Tochi huelekezwa chini, kwenye mawe na vizingiti, kamwe si madirishani. Wapo wanaofungua kila hadithi kwa "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!", na kwa wenyeji hilo huamsha kitu kilicholala tangu utotoni, lakini likitumiwa kila kona hugeuka kelele. Mwenye kumbukumbu anaweza kuwaeleza giza la kweli: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi, na vichochoro hivi vikaangazwa kwa mishumaa, kandili na jenereta za wenye uwezo. Simulizi ya giza hilo, kutoka kwa mtu aliyeliishi, inazidi majini kumi ya kubuni.

Anayetaka kumpima mtembezaji nje ya mazoea yake amwombe ampeleke Chukwani. Ni kilomita chache kusini mwa mji, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na leo inajulikana zaidi kwa Baraza la Wawakilishi na Chuo Kikuu cha SUMAIT. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijijengea huko kasri la kupumzikia kando ya bahari. Mtembezaji mwenye njaa ya kutisha watu atalipachika kasri hilo jini la kuazima kutoka magofu ya Maruhubi au Dunga. Asikubaliwe.

Chukwani ina la kwake. Ukipanda kidogo kaskazini kwa ufuo ule ule unafika Mbweni, ambako misheni ilinunua ardhi mwaka 1871 na kujenga shule ya St Mary's kwa wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, aliiongoza kwa miaka mingi na akazikwa huko huko. Kirk naye alikuwa na nyumba Mbweni. Kwa hiyo sultani aliyetia saini, konseli aliyemshinikiza, na watoto ambao saini ile iliwahusu, wote waliangaliana na bahari moja, wakitenganishwa na mwendo wa miguu tu. Mtembezaji anayeliona hilo bila kuonyeshwa ana kipaji. Na akigeuka kuelekea taa ya Chumbe, mnara wa mwaka 1904, ataje kwamba karibu na kisiwa hicho ndipo ilipozama feri ya MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam, kisha asiongeze neno la kishirikina. Waliofiwa wapo.

Yaliyobaki ni ya kawaida, ila yana uzito. Mtembezaji halali ana leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar na huionyesha bila kununa. Papasi, mtembezaji wa kubahatisha wa Forodhani, hana, na bei yake hubadilika katikati ya njia. Bei ipatanwe kabla ya hatua ya kwanza. Safari ianze baada ya Isha, waumini wakiwa wameshatoka misikitini, na mwezi wa Ramadhani isubiri mpaka Tarawehe iishe. Nguo ziwe za kufunika mabega na magoti. Picha za watu walioko barazani haziombwi kwa ishara, huombwa kwa maneno.

Na asubuhi yake, mwenye kutaka uhakika apande daladala hadi Kilimani, zilipo Nyaraka za Taifa za Zanzibar, akiwa na jina moja au tarehe moja aliyoisikia usiku. Mtembezaji anayestahili kurudiwa ndiye aliyemwambia mapema aulizie nini akifika huko.