Walimu wa Idjwi

Sisi wa Golf, hapa Lubumbashi, chaki ikiisha mtoto anatumwa dukani na kurudi kabla somo halijaisha. Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya ziwa Kivu, hakina daraja. Chaki, vitabu, hata karatasi za mtihani wa taifa wa darasa la sita, vyote huvuka maji kwa boti au mtumbwi, na ziwa likichafuka vinangoja ng'ambo. Kulifunga boksi la chaki kwa nailoni ili lisilowe si kazi aliyoandikiwa mwalimu popote. Asipoifanya, kesho ubao unabaki mtupu.

Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila mzigo uliangukia mabega ya walimu: madarasa yalifurika, na mchango wa wazazi uliokuwa ukiziba pengo la mshahara ukakatwa. Wa kisiwani wakaendelea kufundisha, kila asubuhi wakiita majina, wakiuliza nani amebaki shambani na nani yuko kwenye nyavu.

Wakubwa wa elimu, mishahara ya walimu hawa ifike kwa wakati, na kuifuata kusiwagharimu nauli ya boti.