Sasa, Zamani na Kiyama: Sarufi katika Mabishano ya Mbiti na Kato

Utangulizi

Mabishano juu ya kanisa la mahali na kanisa la ulimwengu wote kwa kawaida huachiwa wanatheolojia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sehemu moja ya mabishano hayo, nayo ni ile iliyozuka Ukambani, imejengwa juu ya hoja ya kisarufi, na kwa hiyo haina budi kupimwa na watu wa lugha.

Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita, akiwa Kampala, aliwaambia maaskofu wa Afrika kuwa wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mwaka huohuo John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitoa African Religions and Philosophy. Kitabu chake cha mwaka 1971, New Testament Eschatology in an African Background, kilichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya Africa Inland Mission juu ya mambo ya mwisho: kurudi kwa Kristo, ufufuo, mbingu na moto wa jehanamu. Mwaka 1975 Byang Kato, Mnijeria aliyekuwa katibu mkuu wa jumuiya ya makanisa ya kiinjili ya Afrika na Madagaska, alimjibu katika Theological Pitfalls in Africa. Alimshutumu kwa kuchanganya Injili na dini za jadi, na kwa kuelekea kwenye fundisho kwamba watu wote wataokolewa hatimaye.

Jambo linalobishaniwa si dogo. Ikiwa Mbiti alisema kweli juu ya Kikamba, basi lugha ya Mkristo wa Ukambani inamzuia kufahamu nusu ya imani yake. Ikiwa Kato alisema kweli, basi lugha hiyo ni vazi tu. Haina la kuongeza wala la kuuliza katika mafundisho yaliyokwisha kukamilika kwingine. Sisi tunaona kuwa wote wawili waliikosea lugha, kila mmoja kwa njia yake.

Hoja ya Mbiti

Mbiti alianza na jedwali la nyakati za kitenzi katika Kikamba na Kikuyu. Katika jedwali hilo aliona kuwa wakati ujao haupiti miezi sita hivi, au kwa kadiri ya mwisho miaka miwili. Kutokana na hayo alikata shauri kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una pande mbili tu, yaani yaliyopita na yaliyopo, na kwamba wakati ujao karibu haupo. Pande hizo aliziita Zamani na Sasa, ili kuepuka fikira zinazofuatana na maneno ya Kiingereza. Kisha akaitumia hoja hiyo kueleza hali ya kanisa: Mkamba aliyehubiriwa kurudi kwa Kristo hakuwa na mahali pa mbali pa kuliweka tukio hilo, kwa hiyo aliliweka karibu, akalitazamia katika maisha yake mwenyewe.

Hoja hii inavutia kwa sababu inaanza na ushahidi wa lugha. Lakini ushahidi wenyewe una kasoro tatu.

Kwanza ni maneno yaliyochaguliwa. Sasa na zamani si maneno ya Kikamba bali ni ya Kiswahili. Wenyeji wa lugha hiyo katika pwani wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi, na lugha iliyo na zamani inayo pia kiyama, akhera na milele. Isitoshe, zamani, neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya wakati, halikufungiwa katika yaliyopita. Mtu anaweza kusema "zamani zetu hizi" akiwa na maana ya siku anazoishi. Mtaalamu ana haki ya kulipa neno la kale kazi mpya. Hata hivyo, msomaji asiyejua Kiswahili hudhani kuwa anaonyeshwa jina ambalo Waafrika wenyewe waliupa wakati wao, kumbe anaonyeshwa istilahi ya mwandishi.

Pili ni neno la Kikuyu, lugha ambayo Mbiti mwenyewe aliitia jedwalini. Tene katika Kikuyu ni kale, mambo yaliyopita siku nyingi. Lakini Mkikuyu akitaka kusema "hata milele" husema nginya tene. Neno lilelile lielekezalo nyuma kabisa huelekeza mbele kusiko na mwisho. Jedwali la vitenzi peke yake haliwezi kuonyesha jambo hili, kwa kuwa umbali wa wakati hauchukuliwi na kitenzi peke yake. Kiswahili nacho kina kiambishi -ta- kimoja tu kwa "atakuja jioni" na kwa "atakuja siku ya kiyama". Umbali unabainishwa na maneno mengine ya sentensi, na kwa jambo linalozungumzwa.

Tatu ni kule kulinganisha nyakati za kitenzi na fikira za watu. Wanasarufi wengi wanakubali kuwa kitenzi cha Kiebrania cha kale hupambanua zaidi kutimia na kutotimia kwa tendo kuliko wakati wake. Hata hivyo manabii walizungumza kwa lugha hiyo juu ya siku za mwisho. Kiingereza hakina mnyambuliko wa wakati ujao. Hukopa kitenzi ambacho asili yake ni kutaka. Hatujasikia mtu akidai kuwa Waingereza hawana kesho. Naye Kwame Gyekye, mwaka 1987, alitumia ushahidi wa Kiakan kuonyesha kuwa hata kama Kikamba kingekuwa kama alivyosema Mbiti, kisingeweza kusemea Afrika nzima.

Inawezekana kumtetea Mbiti hivi: yeye mwenyewe alikiri kuwa Ukristo, elimu ya shule na maisha ya kisasa vimewafundisha watu kuurefusha wakati ujao. Tunauliza basi, walifundishwa kwa lugha gani? Walifundishwa kwa Kikamba, kwa nyakati zilezile za kitenzi. Tangu Ruwaza ya Kenya ya 2030 ilipozinduliwa mwaka 2008, watu wa Konza wamesikia habari za mji wa teknolojia utakaojengwa kwa miaka mingi. Hakuna aliyehitaji kungoja kitenzi kipya ndipo aulize ardhi itakuwa ya nani. Ikiwa lugha imebeba fikira mpya bila kubadili sarufi yake, basi sarufi haikuwa kizuizi tangu mwanzo.

Jibu la Kato

Je, kasoro hizo zinampa Kato ushindi? Hatuoni hivyo. Kato hakukataa kila kitu cha Kiafrika. Alikubali kuwa namna ya kuieleza imani inaweza kubadilika kwa kufuata mahali, mradi kiini chake kisiguswe. Ugumu ni kwamba kiini hicho hakijapata kuonekana nje ya lugha ya watu fulani. Mwaka 325, huko Nikea, maaskofu walipotaka kukiri umoja wa Mwana na Baba walitumia neno homoousios, ambalo halimo katika Maandiko. Lilikuwa neno la Kigiriki, lenye historia yake katika mijadala ya Wagiriki. Leo linahesabiwa kuwa nguzo ya imani ya ulimwengu wote, lakini lilianza kama neno la mahali.

Konza yenyewe ni mfano mzuri. Hapo ndipo reli ya kutoka Mombasa inapokutana na tawi la Magadi. Upande mmoja ni vilima vya Ukambani, upande wa pili ni mbuga za Wamaasai. Wakamba humwita Mungu Mulungu na pia Ngai, na jina hili la pili ni ndugu wa Enkai wa Kimaasai. Ama Mkristo wa Konza anayesoma Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, hukuta ufufuo wa wafu ukiitwa kiyama, neno lililofika pwani pamoja na Uislamu. Kwa hiyo mtu huyu anaweza kumtaja Mungu kwa jina lenye udugu na Kimaasai na kuutaja ufufuo kwa neno la Kiislamu, katika kanisa lililotokana na misheni ya Wamarekani waliofungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Je, mafundisho yake ni ya mahali au ni ya ulimwengu?

Lugha si vazi, kwa sababu kila neno huja na kumbukumbu za waliolitumia kabla. Wala lugha si gereza, kwa sababu kumbukumbu hizo huongezewa nyingine kila neno linapotumiwa upya. Mbiti alikosea kwa kutafuta mipaka ya imani katika viambishi. Kato alikosea kwa kudhani kuwa maneno hayana sauti katika imani.

Hitimisho

Sehemu bora ya kazi ya Mbiti ya mwaka 1971 haimo katika jedwali, bali ni pale alipouliza waumini walielewa nini waliposikia habari za moto, mbingu na hazina. Swali hilo linabaki hata jedwali likiondolewa. Tena Mbiti mwenyewe aliendelea kulishughulikia. Mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kigiriki. Ndani yake Kikamba kilibeba habari zote za mambo ya mwisho, kuanzia Injili mpaka Ufunuo. Hatuoni jibu lililo kamili kuliko hilo kwa jedwali la mwaka 1969, na ni yeye aliyelitoa.

Kazi iliyobaki ni ya idara kama zetu: kukusanya mahubiri, sala na mazungumzo ya waumini wa Konza na vituo vingine kama Konza, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na kuyachunguza neno kwa neno. Wanatheolojia wataamua lipi ni sahihi. Lakini kabla ya kuamua wanahitaji kujua ni nini kilichosemwa, na hilo ni jukumu letu.