Soko Bila Mshenga: Uhakiki wa Uchumi wa Kutafuta Mwenza Mtandaoni, Ukisomwa Kutoka Bujumbura

Mwaka 2014 Paul Oyer, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha kitabu Everything I Ever Needed to Know about Economics I Learned from Online Dating. Alikiandika baada ya kurejea kutafuta mwenza mtandaoni kufuatia kuvunjika kwa ndoa yake. Hoja yake ni kwamba mitandao hiyo ni soko, na kwamba nadharia zinazoeleza ajira, bima na biashara ya nyumba zinaeleza pia jinsi watu wanavyochaguana. Kitabu kina ucheshi na hakijidai. Hata hivyo, sitiari inayokibeba inastahili kupimwa upya inapoingia katika Kiswahili, hasa Kiswahili cha Bujumbura, ambako soko la wenza limekuwa na kanuni zake kabla ya simu ya kwanza kuuzwa Buyenzi. Makala haya yanadai kwamba soko la Oyer limemsahau mhusika mmoja, naye ni mshenga.

Kwa kweli, wazo lenyewe ni la zamani kuliko kitabu. David Gale na Lloyd Shapley walikwisha kuonyesha mwaka 1962 namna ya kuwapanga wanaume na wanawake wawiliwawili pasipatikane wawili ambao wangependelea kuwaacha wenzao ili wawe pamoja. Mwaka 1973 Gary Becker akaichambua ndoa kama uamuzi wa kiuchumi. Mchango wa Oyer ni kuzishusha nadharia hizo hadi kwa msomaji wa kawaida, na sura yake yenye nguvu zaidi inahusu maneno yasiyogharimu chochote. Kila mtu mtandaoni anaweza kujiita mkweli na mchapakazi, kwa hiyo maneno hayo hayamtofautishi yeyote. Ndiyo maana anavutiwa na jaribio la Korea Kusini ambamo washiriki wengi walipewa mawaridi mawili tu ya kidijitali ya kuambatisha na maombi yao. Kwa kuwa mawaridi yalikuwa machache, kumtumia mtu waridi kulikuwa na maana, na maombi yaliyoambatana nalo yalikubaliwa zaidi.

Hoja nyingine ya Oyer ni kwamba watu huwafuata watu: mtandao wenye watumiaji wengi huwavuta wengine. Mkazi wa Bujumbura haihitaji nadharia ili kulielewa hilo. Soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi walitawanyika, na masoko kama Ruvumera yakapokea wauzaji na wanunuzi kwa pamoja, kwa sababu hakuna anayepanga bidhaa mahali pasipopitwa na mtu. Lakini Oyer hupima ukubwa wa soko kwa idadi ya watu katika mji. Sensa ya mwaka 2008 iliihesabia Bujumbura wakazi 497,166. Hata hivyo idadi hiyo haielezi nani anaweza kumwandikia nani. Kijana anayejitambulisha kwa Kifaransa anawalenga waliosoma. Anayejitambulisha kwa Kirundi anawafikia wengi zaidi, lakini hasa ndani ya nchi. Anayetumia Kiswahili anajifungulia mlango wa Uvira na Kigoma, na huenda wakati huohuo akadhaniwa kuwa mtu wa Buyenzi, awe Mwislamu au asiwe. Lugha hapa hugawa soko, tena yenyewe ni ishara. Jambo hilo kitabu hakiligusi, pengine kwa kuwa kimeandikwa ndani ya jamii ambamo lugha moja huchukuliwa kuwa hewa tu.

Pengo kubwa zaidi linahusu dhamana. George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha bidhaa nzima na mbovu huishia kuzishuku zote. Mshenga ni jibu la kale kwa tatizo hilo. Anawajua wazee wa pande zote mbili, anaulizwa kabla ya posa, na ndoa ikiharibika ataulizwa tena, safari hii bila tabasamu. Heshima yake imewekwa rehani. Kampuni ya mtandao haiko katika hali hiyo: inayoishi kwa ada za mwezi au matangazo hupoteza wateja wawili kila inapofanikiwa kuwaunganisha watu. Ni kweli kwamba mshenga naye ana upendeleo, huficha kasoro za jamaa zake, na mara nyingi hamuulizi msichana anataka nini. Wanaomkimbilia mtandao wana sababu. Lakini wanapomkimbia mshenga wanaiacha na dhamana yake, na hakuna waridi la kidijitali linaloijaza nafasi hiyo.

Soko la Oyer, kama anavyokiri, halina bei. La Bujumbura linayo, au linaonekana kuwa nayo, na hapo msamiati huwapoteza wengi. Kirundi kina inkwano, ambayo huenda kwa familia ya bibi harusi. Mahari katika sheria ya Kiislamu ni mali ya mke mwenyewe. Kiswahili cha mjini huyaita malipo yote mawili mahari, na mshauri wa sera anayeandika neno hilo bila ufafanuzi hajasema bado ni nani anayepokea. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mwaka 2017, serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ilipowapa wenzi walioishi pamoja bila ndoa ya kisheria hadi mwisho wa mwaka kuzihalalisha ndoa zao. Kampeni ilitangazwa kwa lugha ya maadili. Kwa lugha ya uchumi, wengi wa wenzi hao walikuwa wamekwisha kupatana. Kilichowakwamisha kingeweza kuwa gharama ya kuingia katika ndoa rasmi. Kwa Oyer utafutaji ukikamilika kazi ngumu imekwisha, kumbe kwa wengi hapa ndipo inapoanza.

Sarufi nayo ina neno. Nadharia ya soko la pande mbili huchukulia kwamba kila upande unachagua. Kiswahili husema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa; Kirundi nacho kina kurongora na kurongorwa. Ulinganifu hurudi tu katika kuoana, au katika kwubaka urugo. Anayetafsiri nadharia hii bila kuona kauli ya kutendwa anatafsiri nusu yake.

Mfano ulio karibu zaidi na sera ni istilahi kuchumbiana mtandaoni, inayotumika sana katika vyombo vya habari. Kuchumbia ni hatua ya baadaye: nia imekwisha kutangazwa na familia zinajua. Mtu aliyetapeliwa na mgeni aliyekutana naye mtandaoni juma lililopita, akielezwa kwa istilahi hiyo, huonekana kama mchumba aliyeachwa, na shauri lake husikika kama ahadi ya ndoa iliyovunjwa badala ya udanganyifu wa fedha. Kutafuta mwenza mtandaoni ni kirefu zaidi, lakini kinamwacha mtendaji mahali alipo: bado anatafuta, na hajaahidiwa chochote na yeyote.