Karatasi Kwanza

Karatasi ya foto ichanwe kabla haijanunuliwa. Fundi mmoja wa Kalemie anayechapa foto nyumbani kwake huomba karatasi moja ya kila pakiti ngeni na kuichana mbele ya mwenye duka. Hana haraka. Anashika pembe, anavuta polepole, macho yako kwenye mpasuko. Ikichanika kama ukurasa wa daftari, nyuzi zikabaki wazi, anashukuru na kuondoka. Ikivutika kwanza, utando mwembamba wa plastiki ukachungulia pande zote mbili ndipo ikakatika, hapo anauliza bei.

Mng'aro ni ule ule, karatasi ni mbili. Ile ya bei rahisi imepakwa tabaka lake na kubanwa kwenye silinda ya chuma iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Mgongo wake ni karatasi tupu, nao hunywa unyevu. Nyingine imevikwa plastiki mbele na nyuma, kisha juu yake likawekwa tabaka la kupokea wino. Gramu zilizoandikwa kwenye pakiti hazikwambii ipi ni ipi, maana 230 yaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo. Na Kalemie ni mji wa ziwani. Wakati wa mvua ile karatasi ya kwanza hujikunja yenyewe ikiwa bado mezani, na kichwa cha printa kikipita juu ya tuta lake kinaacha mkwaruzo mweusi shavuni mwa bibi harusi. Ndiyo maana pakiti za fundi huyu zinalala ndani ya mifuko iliyofungwa, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu ambavyo watu huvitupa wakinunua viatu.

Wateja wengi huanza kwa kuuliza mashini. Yake ni Epson L805, yenye matangi ya kujaziwa kwa chupa na rangi sita: nyeusi, manjano, samawati, magenta, halafu samawati hafifu na magenta hafifu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya kazi kubwa kwenye uso wa mtu. Mashini ya rangi nne ikitaka kuonyesha mwanga ulioangukia paji la uso hutawanya matone machache ya wino mzito, na jicho linayaona kama chengachenga. Yenye rangi sita humwaga matone mengi mepesi, ngozi ikatoka laini. Mashini nzuri, lakini iambie kwenye kompyuta kwamba umeweka karatasi ya kawaida wakati umeweka ya foto, itakutolea sura iliyofifia, na wewe utailaumu bure.

Anachokijua fundi huyu, na ambacho mimi nakistahi kuliko wepesi wa mkono wake, ni kwamba wino mzuri peke yake haupo. Kuna wino na karatasi yake. Henry Wilhelm, aliyechapisha mwaka 1993 kitabu kikubwa juu ya uimara wa picha za rangi, ana maabara Iowa, Marekani, inayopima foto hivyo hivyo: wino huu juu ya karatasi hii. Badilisha karatasi, na miaka ya kudumu inabadilika. Mwaka 2000 Epson wenyewe waliupata ukweli huo kwa njia ya aibu. Foto za Stylus Photo 870 na 1270, mashini zilizosifiwa kwa uimara wa rangi, zilianza kugeuka rangi ya machungwa kwenye kuta za baadhi ya wanunuzi muda mfupi tu baada ya kuchapwa. Karatasi ile ya kung'aa ilikuwa na vitundu vidogo vinavyonyonya wino haraka, na ozoni ya hewani ikapita humo humo ikaila rangi ya samawati. Watu walikuwa wameogopa jua, adui akaja na hewa.

Wino wa L805, kama ule wa 870, ni wa jamii ya rangi iliyoyeyuka ndani ya maji. Unang'aa vizuri, vitenge vinatoka vikiwa hai, lakini molekuli zake ziko peke yake mbele ya hewa na mwanga. Wino wa pigmenti ni chembe ngumu zinazoelea. Mwanga ukila juu, ndani bado kuna rangi, na maji yakiugusa hauhami kirahisi. Wanaochapa kwa ajili ya kuta za maonyesho hupenda huo, juu ya karatasi ya pamba isiyong'aa. Gharama yake ni kubwa, na juu ya karatasi ya kung'aa hukwaruzika na kutoa kimng'ao cha shaba ukiitazama foto kwa upande. Kwa sebule ya Kalemie mimi nasimama na wino ulioyeyuka, wa chupa halisi, juu ya karatasi ya plastiki yenye uso wa satini, ndani ya fremu yenye kioo. Foto ya marehemu, ile itakayobaki ukutani mpaka wajukuu waulize huyu ni nani, ningeitafutia pigmenti hata kama ni kuisubiri itoke Lubumbashi.

Albamu za hapa zinaonyesha kwa nini. Foto nyeusi na nyeupe za enzi za Albertville, kabla mji haujapewa jina la Kalemie, ni fedha ndani ya gelatini, na nyingi bado zina weusi wake. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu hata zile ambazo hazikuwahi kuona jua, kwa sababu samawati yake ilikufa gizani ndani ya albamu. Kisha mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu, na foto zilizogandamana na vioo vyake hazikubanduka. Tangu hapo fundi haweki foto ikigusa kioo. Anakata fremu ya kadibodi nyeupe, milimita mbili za nafasi.

Wala hatoi foto siku ile ile.

“Papa, si imeshakauka?”

“Imekauka juu, mama. Ndani bado. Rudia kesho.”

Hamdanganyi. Wino una vimiminika vinavyotoka polepole, na foto ikifungiwa kwenye kioo mapema, ukungu hujitokeza ndani yake. Anaiacha juu ya meza usiku mzima, karatasi ya kawaida juu yake inyonye.

Chupa mpya ya wino nayo haimwagwi tangini hivi hivi. Kwanza anaomba kwa fundi mwenzake anayeitumia ukanda uliochapwa nayo: kijivu, kahawia ya ngozi, nyekundu ya kitenge. Anafunika nusu kwa kadibodi, anaandika tarehe mgongoni, anaubandika dirishani upande wa ziwa, kwenye jua na hewa. Baada ya wiki kadhaa anaondoa kadibodi. Mpaka ukionekana kati ya nusu hizo mbili, wino huo haununui, hata uwe unauzwa nusu bei.